Wiki Jelatini Ilipokwisha

Kwenye maabara ile ya mifugo kulikuwa na mpimaji mmoja ambaye jina lake la kitambulisho lilibaki kwenye orodha ya mishahara tu. Kuanzia mlinzi wa getini hadi wakubwa, wote walimwita Bwana Tone. Jina hilo alilipata mwaka wake wa kwanza kazini. Mwenzake alimwambia, "Tia kama tone moja hivi, inatosha," naye akaiweka pipeti mezani, akavua miwani na kuuliza kwa upole kabisa, "Tone la mvua au tone la machozi?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na jina likamganda.

Sasa ilikuwa imepita miaka ishirini na miwili. Bwana Tone alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, mrefu, mwembamba, miwani yake ameifunga kwa kamba ya kiatu ili isimdondokee kazini. Ukimpa chupa arobaini za damu alikurudishia majibu arobaini, si thelathini na tisa na maelezo. Mkewe, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, alizoea kusema kwamba mumewe ni hodari wa kila kitu isipokuwa kubishana. Alisema kweli. Kwenye vikao Bwana Tone aliweza kuinua kidole ili aseme jambo, halafu mkubwa akimtupia jicho tu, kidole kile kinageuka kuwa cha kukunia sikio.

Kazi yake kubwa ilikuwa kupima damu ya ng'ombe kutafuta ugonjwa wa kutupa mimba. Ni ugonjwa mbaya ule. Ng'ombe anaharibu mimba, anaambukiza wenzake, na mtu akinywa maziwa yake mabichi au akimzalisha kwa mikono mitupu anaweza kushikwa na homa ya kwenda na kurudi inayomla miezi na miezi. Kipimo chenyewe hufanyika kwenye kisahani cha plastiki chenye visima vidogo tisini na sita, kila kimoja kinatosha ncha ya kidole cha mtoto. Chini ya kila kisima hupakwa vipande vya kijidudu cha ugonjwa, kilichokwisha kuuawa. Kisha hutiwa maji ya damu ya ng'ombe. Kama ng'ombe aliwahi kuambukizwa, damu yake ina kingamwili za kupigana na kijidudu hicho, nazo zitakishika na kung'ang'ania. Mwisho hutiwa dawa ya rangi, ambayo kazi yake ni moja tu: kutafuta kingamwili ya ng'ombe popote ilipo na kupaacha pamegeuka manjano. Kisima kikiwa cha manjano, ng'ombe ni mgonjwa. Kikibaki bila rangi, mzima.

Ila plastiki ina tabia ya ovyo, hushika kila kinachopita. Ndiyo maana, kabla ya kutia damu, nafasi zote zilizobaki wazi ndani ya kisima lazima zifunikwe kwa kitu kisichojuana na ng'ombe hata kidogo. Kwa kazi hiyo Bwana Tone alitumia jelatini ya samaki, iliyotengenezwa kwa ngozi za samaki wa maji baridi. Ilikuja kwenye chupa nene, rangi yake kama asali iliyochanganywa na maji, na tofauti na jelatini nyingine haikuganda hata ukiilaza kwenye friji. Ilikuwa na harufu ya mbali, kama ya ndoo iliyowahi kubeba samaki ikaoshwa vizuri. Kila chupa mpya ilipofika, mtunza stoo alipiga kelele kwenye korido: "Bwana Tone! Supu yako imefika, njoo na kijiko!"

Mwaka huo supu haikufika. Mzigo ulikwama bandarini kwa sababu ya karatasi moja, karatasi ikapatikana, ikakosekana sahihi, sahihi ikapatikana, mwenye muhuri akawa likizo. Bwana Tone aliikamua chupa ya mwisho mpaka akaisimamisha kichwa chini juu ya gilasi ili idondoshe mabaki yake. Jumatatu moja ikawa kavu.

Jumanne yake likaja sanduku la barafu lenye chupa themanini za damu. Zilitoka eneo moja la wafugaji ambako watu watatu walikuwa wamelazwa kwa homa ile. Simu ya mkuu wa maabara ilikuwa hailali. Mkuu huyo alikuwa daktari wa mifugo, mwanamke wa miaka thelathini na minane, mwepesi wa akili na wa miguu, aliyekuwa na mwaka mmoja tu kwenye kiti kile. Hakuwa mtu mbaya. Alimheshimu Bwana Tone, akamwita "mzee wangu", na hakuwahi kumpita asubuhi bila kumsalimia.

Siku hiyo aliingia maabara simu bado iko mkononi.

"Mzee wangu, lini?"

"Jelatini ikifika, Daktari."

"Jelatini haifiki wiki hii. Nimeongea nao sasa hivi." Akashusha pumzi. "Watu wako hospitali. Wizara inataka majibu Alhamisi. Tutumie maziwa."

"Maziwa?"

"Maziwa ya unga, yaliyoondolewa mafuta. Chuoni tulifunikia visima kwa maziwa kila siku. Yanafanya kazi vizuri tu."

Bwana Tone alijua kwamba chuoni walikuwa wakipima damu za watu. Alijua vilevile kwamba maziwa hutoka kwa ng'ombe, na ndani yake mna kingamwili za ng'ombe, na kwamba dawa ya rangi haina akili ya kuuliza hii kingamwili imetoka kwenye damu ya mgonjwa au kwenye kopo la chai. Ikimwona ng'ombe imemwona ng'ombe. Aliinua kidole.

"Daktari, maziwa si ni ya ng'ombe..."

"Najua maziwa ni ya nani, mzee wangu." Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu aliyechoka. Simu ikalia tena, akatoka nayo nje.

Kidole kikaenda kukuna sikio.

Mtunza stoo alileta kopo kutoka kabati la chai, akicheka kwamba leo ng'ombe watapimwa kwa chai ya maziwa, bado sukari tu. Bwana Tone hakucheka. Alipima unga kwenye mizani, akaukoroga, akavijaza visima kwa utulivu uleule wa siku zote. Alifanya kila hatua kwa usafi. Hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye, kwamba alikosea kwa uangalifu mkubwa.

Kila kisahani huwa na visima vya ushahidi, vilivyotiwa damu ya ng'ombe anayejulikana kuwa mzima. Hivyo havipaswi kupata rangi kabisa. Alasiri ile, baada ya kutia dawa ya rangi, Bwana Tone aliinama juu ya kisahani. Visima vya ushahidi vilikuwa na manjano. Si manjano ya kukolea, ni ya kufifia, lakini ilikuwapo, na pembezoni mwa kisahani, mstari wa kumi na moja na wa kumi na mbili, ilizidi.

Alikibeba kisahani kwa mikono miwili hadi ofisini.

"Daktari, visima vya ushahidi vimeshika rangi."

Daktari alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakaza macho. "Kidogo."

"Kidogo, ndiyo. Lakini havishikagi kabisa."

"Basi tunaitoa. Soma kiwango chake kwenye mashine, kisha ukipunguze kwenye vingine vyote. Hesabu itajisawazisha." Alimwangalia. "Au unaonaje?"

Hapo ndipo alipoulizwa. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na angeweza kusema: Naona kisahani hiki ni cha kutupa. Maneno hayo yalifika kwenye ulimi yakakaa hapo. Alifikiria watu watatu waliolazwa. Alifikiria kwamba huyu ana shahada tatu naye ana cheti kimoja. Alifikiria pia, na hili alikuja kulikiri kwa mkewe, kwamba ilikuwa imebaki nusu saa afunge kazi.

"Sawa, Daktari," alisema.

Karatasi ya majibu ilikuwa na nafasi mbili za sahihi, ya mpimaji na ya mkuu. Alitia ya kwanza. Ng'ombe kumi na tisa kati ya themanini walikutwa wagonjwa. Saba kati ya hao walikuwa wa mfugaji mmoja mwenye ng'ombe kumi na moja, ambao damu zao ziliangukia mistari miwili ya mwisho, kule pembezoni.

Amri ya kuchinja wagonjwa ilitekelezwa kabla wiki haijaisha. Bwana mifugo wa eneo lile alisimamia, wale kumi na tisa wakachinjwa, na maabara ikapokea barua ya pongezi kwa kuwahi. Daktari aliibandika kwenye ubao. Bwana Tone alipita mbele ya ubao huo kila siku akiangalia viatu vyake.

Wiki iliyofuata alikuja mgeni. Alikuwa mama wa miaka sitini na minane, mfupi, mnene kidogo, amevaa viatu vya raba vilivyopigwa mswaki, na mkoba wake ameukumbatia kifuani. Mlinzi alimleta hadi mlango wa maabara kwa sababu alikataa kuondoka getini. Alikuwa mkunga mstaafu, na huko kwao nusu ya watu wazima walipita mikononi mwake siku waliyozaliwa, ndiyo maana walimwita Mama Mkunga. Baada ya kustaafu alifuga.

"Shikamoo, mama," alisema Bwana Tone akivua glovu.

"Marahaba, baba. Sikuja kugombana. Nimekuja kuona hiyo mashine iliyosema ng'ombe wangu wanaumwa."

Daktari alikuwa kikaoni. Bwana Tone angeweza kumwambia mama wa watu asubiri nje. Badala yake alimpa kiti, kisha akamwonyesha: visahani vitupu, pipeti, na mashine ya kusomea rangi, ambayo haikuwa kubwa kuliko redio. Mama Mkunga aliitazama mashine kwa muda mrefu.

"Hii?"

"Hii, mama."

"Nilidhani ni kubwa." Aligeuza uso. "Nilikuwa na ng'ombe mmoja, Karani. Tunamwita Karani kwa sababu kila asubuhi anasimama mlangoni kama anayeandika waliochelewa. Mwaka wa tatu huu hajaumwa hata mafua. Kila mwaka ndama. Na Malkia hivyohivyo, na Kidoti. Mimi nimezalisha watu miaka thelathini na mbili, baba, mgonjwa namjua kwa macho. Sasa nikasema labda uzee. Labda macho yamekwisha." Alimgeukia tena Bwana Tone. "Ni wewe uliyepima?"

Bwana Tone aliziweka glovu mezani.

"Ni mimi."

"Na una hakika?"

Alifungua kinywa. Akamwangalia mama yule, mkoba wake, viatu vyake vilivyosuguliwa kwa ajili ya safari ya kuja kuuliza swali moja.

"Mashine ndiyo iliyosema, mama," alijibu.

Mama Mkunga aliitikia kwa kichwa polepole, akashukuru kwa kiti na akaenda zake. Bwana Tone alirudi mezani, akavaa glovu, akavua, akavaa tena. Siku hiyo alivunja gilasi mbili, yeye ambaye hakuwa amevunja kitu tangu mtunza stoo aanze kazi. Mtunza stoo alitaka kutania, akamwona uso, akafagia vigae kimya.

Jelatini ilifika siku tatu baadaye. Safari hii ilipigiwa kelele kama kawaida, "Supu! Supu!", na Bwana Tone akaipokea bila neno. Maabara ilikuwa na utaratibu wa kuhifadhi kila damu kwenye friza kwa miezi sita. Alisubiri saa ya chakula cha mchana, wenzake walipokwenda kula, akazitoa chupa themanini zilezile, akaziacha ziyeyuke, akavifunika visima kwa jelatini ya samaki, na akaanza upya. Saa ya chakula haikutosha. Alasiri ilipoingia bado alikuwa ameinama, na aliyemuuliza anafanya nini alijibiwa, "Narudia."

Visima vya ushahidi vilitoka bila rangi kabisa, kama maji ya bomba. Wagonjwa walikuwa saba kati ya wote themanini. Kumi na wawili kati ya waliochinjwa walikuwa wazima. Kati ya saba wa Mama Mkunga mgonjwa alikuwa mmoja tu.

Alikaa kwenye kiti chake kirefu, mikono juu ya mapaja. Alikuwa amejua tangu Jumanne ile. Sasa alikuwa amejua kwa namba.

Daktari alisoma karatasi akiwa amesimama, kisha akaketi, kisha akaisoma tena.

"Nani mwingine ameona?"

"Mimi na wewe."

"Nani alikutuma urudie?"

"Hakuna, Daktari. Yule mama alikuja."

Daktari alifunika macho kwa kiganja. Alipoondoa mkono alizungumza kwa sauti ya chini, bila hasira. "Mzee wangu, nisikilize. Ng'ombe wameshachinjwa. Hatuwezi kuwarudisha. Wale saba waliokuwa wagonjwa kweli tuliwatoa, na homa imetulia kule. Tukitoka leo tukasema tulikosea, kesho hakuna mfugaji atakayetuamini. Wataficha ng'ombe wao. Watu wataumwa. Umeipima hiyo?"

"Sijaipima."

"Basi ipime kabla hujafanya lolote."

Jambo gumu ni kwamba hakuwa akisema uongo. Bwana Tone alijua watu wanavyofanya. Akaondoka na karatasi yake mfukoni, akaipima siku mbili, na kila alipofika mwisho alimwona Mama Mkunga akisema labda macho yamekwisha.

Mkewe aligundua kwa sahani. Mtu huyu alikuwa hali chakula. Alasiri ya Jumamosi, mkewe aliporudi kutoka kiwandani na unga bado umemganda viwikoni, alimkuta ameketi jikoni mbele ya chakula kilichopoa.

"Baba watoto, ama unaumwa ama umeoa," alisema. "Nambie ni lipi nijue pa kuanzia."

Akamwambia. Alimwambia yote, pamoja na ile nusu saa ya kufunga kazi. Mkewe alisikiliza akisugua viwiko vyake kwenye karai. Hakumpa pole.

"Kwa hiyo ulijua kabla hujakoroga," alisema alipomaliza.

"Nilijua."

"Na ukamwambia yule daktari nusu ya sentensi."

"Nusu, ndiyo."

"Miaka thelathini nimekaa na wewe, kila siku unanipa nusu, nusu ya pili naitafuta mwenyewe." Alijifuta mikono. "Mimi nimezoea. Huyo mama hakuolewa na wewe. Nenda kampe sentensi nzima."

"Nitafukuzwa kazi."

"Labda. Nitakuwa na hofu, sitakudanganya. Lakini kula, maana huwezi kwenda kwa watu unatetemeka njaa wakadhani unatetemeka uongo."

Alikula kidogo. Jumapili aliandika barua mbili zinazofanana, moja ya Daktari, moja ya mkaguzi wa maabara wizarani. Hakutia chumvi, wala hakumtupia mtu lawama. Aliandika kilichotumika, kilichoonekana, nani alisema nini, na mahali alipotia sahihi yake. Jumatatu asubuhi aliiweka ya Daktari mkononi mwake mwenyewe. Daktari aliisoma hadi mwisho.

"Umeshatuma ile nyingine?"

"Nimepita posta kabla ya kuja."

"Ungeniambia kwanza tuende pamoja," alisema Daktari. Bwana Tone hakuwa amewaza kamwe kwamba hilo lingewezekana. Hata leo hajui kama Daktari alimaanisha.

Siku hiyohiyo mchana alikwenda kwa Mama Mkunga. Nyumba ilikuwa ndogo, safi, na nyuma yake banda refu la matofali lenye vyumba kumi na kimoja. Kwenye kila mlango palikuwa na jina limeandikwa kwa rangi ya bluu. Vyumba vinne tu vilikuwa na ng'ombe. Alimkuta mama akiwa na ndoo mkononi; mama akamkaribisha, akamwambia aketi. Bwana Tone hakuketi.

"Mama, siku ile ulipokuja na swali... nilikujibu vibaya. Uliniuliza kama nina hakika. Sikuwa na hakika. Nilijua kuna kosa hata kabla sijatia sahihi."

Akaeleza jelatini na maziwa kwa lugha ya kawaida. Mama Mkunga alielewa upesi kuliko alivyotarajia, mwanamke aliyekaa miaka thelathini na mbili kwenye wodi.

"Mlitia maziwa ya ng'ombe kwenye kipimo cha ng'ombe," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na wewe mtu mzima ukaangalia."

"Ndiyo."

Aliiweka ndoo chini taratibu. "Wote saba walikuwa wazima?"

"Sita. Mmoja aliumwa kweli."

"Nani?"

Kwenye karatasi ya Bwana Tone majina yalikuwa yameandikwa pembeni ya namba. "Zabibu."

Mama aliishika nguzo ya banda. Zabibu alifiwa na mama yake akiwa na siku mbili, akanyonyeshwa kwa chupa jikoni. Ndiye aliyekuwa akimfuata Mama Mkunga hadi kisimani. Miezi minne nyuma alizaa ndama mfu, na mama alimvuta ndama yule kwa mikono yake miwili, akamzika, akasema ni bahati mbaya tu.

"Huyo sikumwona," alisema kwa sauti ndogo. "Hao sita niliwaona wazima, na walikuwa wazima. Huyo mmoja sikumwona."

"Mama, kama ulimzalisha kwa mikono, nenda hospitali wakupime. Ugonjwa huu unaingia kwa watu. Tafadhali usichelewe."

Mama Mkunga alimgeukia. Hakupandisha sauti.

"Na nani atanipima? Wewe?"

Bwana Tone aliikunja karatasi yake. Mama alichukua ndoo yake.

"Umefanya vizuri kuja," alisema akiwa amempa mgongo. "Lakini sijakusamehe. Usije ukarudi nyumbani kwako ukidhani nimekusamehe kwa kuwa sikupiga kelele. Ungesema siku ile nimekaa kwenye kiti chako. Nilitoka kwangu alfajiri nikuulize. Nilirudi nikijua kwamba mimi ndiye mjinga."

"Ni haki yako, mama."

"Najua ni haki yangu. Njia unaijua."

Uchunguzi ulichukua wiki tano. Kwenye kikao mkaguzi alimuuliza Daktari kama mpimaji alimwonya, na Daktari, ambaye angeweza kukana kwa kuwa hapakuwa na shahidi, alisema, "Alinionya mara mbili. Sikumsikiliza." Bwana Tone naye alisimama akasema kwamba kuonya kwake kulikuwa nusu, na sahihi yake ilikuwa nzima. Walitazamana kidogo upande huu na ule wa meza. Daktari alihamishiwa ofisi ya takwimu, mbali na kipimo chochote. Bwana Tone hakufukuzwa, ila alipewa barua ya onyo na akaondolewa mezani. Walimweka dirishani, kwenye kupokea masanduku na kuandika namba. Pipeti alipewa mwingine. Wafugaji walioonewa waliahidiwa fidia, ambayo ilianza safari yake ndefu kutoka ofisi hadi ofisi.

Mama Mkunga alikwenda hospitali hatimaye, bwana mifugo ndiye aliyeleta habari, na akakutwa salama. Bwana Tone alipoisikia alitoka nje kidogo, akanawa uso kwenye matangi ya maji.

Lakini alichokitabiri Daktari kilitokea. Msimu wa kupima uliporudi, masanduku yalifika kutoka kila upande isipokuwa eneo lile. Wafugaji walimwambia bwana mifugo kwamba damu ya ng'ombe wao haitoki tena nje ya zizi, akapime chai yake. Na Bwana Tone alijua, kwa sababu namba za kipimo alichokirudia zilikuwa za kweli, kwamba kulikuwa na ugonjwa kule. Wale saba hawakuupata hewani. Kwenye daftari la mapokezi nafasi ya eneo lile ilikaa tupu wiki hadi wiki, na kila alipofungua ukurasa aliiona.

Akaomba ruhusa, akanyimwa, kwa kuwa haikuwa kazi ya mtu wa dirishani. Basi akaanza kwenda siku zake za mapumziko. Alikwenda nyumba kwa nyumba, na kila mlangoni alianza kwa kusema yeye ndiye aliyepima, kabla hawajamuuliza. Wapo waliomfungia mlango usoni. Mmoja alimfungulia mbwa. Mzee mwingine alimsikiliza saa nzima, akamshukuru sana, akakataa. Kazini wenzake walimwona mshamba. Mkewe alimfungia mkate kwenye mfuko kila Jumamosi, bila kuulizwa.

Hadi mwaka ulipokwisha, kwenye nyumba thelathini na nne zenye ng'ombe, wafugaji wanne walikubali ng'ombe wao watolewe damu. Kwa sharti: wapate kuja maabara wenyewe, wakae kwenye viti, na waone kinachotiwa kwenye visima. Mpimaji mpya alinung'unika, kisha akawaletea viti. Bwana Tone alisimama mlangoni siku hiyo, maana ndani hakuruhusiwa, akiwaangalia wakikodolea macho chupa ya rangi ya asali ikimiminwa.

Mama Mkunga hakuwa miongoni mwao. Wale ng'ombe wake wanne hawajapimwa mpaka leo.